Bango Nalo Hupiga Hodi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mafundi wa kuchomelea, wenye kampuni, na nyinyi vijana mliokuja na mafaili kwapani, ahsanteni kwa kuniita. Mmeniomba nizungumze juu ya kupata kibali cha bango jipya katika mji unaobana. Mimi nilianza na brashi na kopo la rangi pale Mwembe Tayari, nikiandika majina ya maduka. Baadaye nikawa na mabango yangu mwenyewe, na sasa riziki yangu kubwa ni kuandaa maombi ya wenzangu hapa Mombasa. Ninayosema leo nimeyalipia, mengine kwa pesa na mengine kwa usingizi.

Nianze na hodi. Hapa kwetu mtu hata akiwa ndugu hafiki mlangoni akapita moja kwa moja. Anasimama barazani, anabisha, anasubiri akaribishwe. Akibisha mara tatu pakiwa kimya, anaondoka, wala hana kinyongo. Sasa litazameni bango. Linasimama juu kuliko nyumba nyingi za mtaa, linawaka usiku kucha, linasema na kila apitaye, mzee na mtoto, atake asitake. Huwezi kulizima kama redio wala kulikunja kama gazeti. Kitu kama hicho tunakileta mtaani kwa watu, halafu tunakasirika wakituuliza nani katuambia tukilete. Kibali ndiyo hodi yetu. Nataka tuelewane hapo kabla sijaenda mbali, kwa sababu wengi wetu tunakichukua kibali kuwa ni ukuta wa kurukwa, na tukishauruka tunashangaa mbona wenye nyumba wametuzunguka.

Bango langu la kwanza halikupiga hodi. Nilikodi pembe ya kiwanja karibu na mzunguko wa magari, nikamlipa mtu aliyeniambia ana watu wake ndani. Akaniletea risiti yenye muhuri. Nikachimba msingi, nikamwaga zege, nikasimamisha nguzo, nikauza nafasi kwa mteja wa miezi sita. Wiki ya saba mlinzi wa kiwanja akanipigia simu alfajiri. Nilipofika nikakuta nguzo imekatwa kwa gesi, shubiri moja hivi juu ya boliti, na lile turubai la tangazo limekunjwa ovyo, limetupwa majanini likiwa limelowa umande. Nikatoa risiti yangu. Afisa akaishika, akaigeuza mbele na nyuma, akaniambia taratibu kwamba namba ile si ya kitabu chao. Pesa za mteja nilizirudisha kidogo kidogo, mwaka mzima. Yule afisa hakunionea. Mimi nilikaribishwa na mtu asiye mwenye nyumba.

Basi mwenye nyumba ni nani? Fungueni Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, pale inapogawanywa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Matangazo ya nje yametajwa waziwazi kuwa ni kazi ya kaunti. Lakini angalieni yametajwa pamoja na nini: uchafuzi wa hewa, kelele, na kero nyingine za umma. Tumewekwa safu moja na moshi na makelele. Mara ya kwanza niliposoma iliniuma, maana mimi kazi yangu naipenda na naiona kuwa ni ufundi. Nilipoisoma tena nikaona imenisaidia. Afisa mipango anapolipokea ombi lako hajiulizi kama tangazo lako ni zuri. Anajiuliza bango hili litamkera nani, na akija kulalamika mimi nitamjibu nini. Ombi linalomjibu swali hilo kabla hajaliuliza ndilo linalopita. Ombi linaloeleza ukubwa wa kampuni yako na idadi ya magari yanayopita barabarani halimjibu kitu.

Kaunti ni mlango mkubwa, lakini nyumba hii ina milango zaidi ya mmoja. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka ya KeNHA, za mijini chini ya mamlaka ya KURA, na hifadhi ya barabara si mali yako wala si ya mwenye duka anayekuambia "hapa mbele ni pangu". Ukiwa upande wa Changamwe na Port Reitz, kimo cha nguzo yako kinawahusu watu wa usafiri wa anga, kwa sababu ndege zinashuka pale. Ukisogea Mji wa Kale, Makavazi ya Kitaifa yana neno. Nyaya za umeme zikipita juu, uliza nafasi inayotakiwa kabla ya kununua chuma. Ninajua kijana anayeanza akisikia orodha hii anakata tamaa. Asikate. Siku moja ya kuzunguka ofisi hizo na ramani ya kiwanja mkononi, kabla hujalipa hata kodi ya mwezi mmoja kwa mwenye ardhi, itakuonyesha kama eneo lako linafaa. Watu wengi hapa wanalipa ardhi kwanza, mchoro wa pili, chuma cha tatu, na kuuliza kunakuja mwisho. Geuzeni.

Na msidhani kuruka mlango mmoja ni jambo la makaratasi tu. Tarehe 13 Mei 2024, kule Mumbai, India, mtaa wa Ghatkopar, upepo wa mvua uliangusha bango kubwa juu ya kituo cha mafuta ambapo watu walikuwa wamejikinga. Walikufa watu 17, na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Bango lile lilikuwa na futi 120 kwa 120, wakati ukubwa unaoruhusiwa na mji ni futi 40 kwa 40. Lilisimama juu ya ardhi ya polisi wa reli, na baraza la jiji likasema halikutoa kibali chake. Yaani mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine haukubishwa, na katikati ya milango hiyo miwili hapakuwa na mtu aliyepima upepo.

Hapo niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu mafundi mpo na hili ni lenu. Sisi tunaishi na kusi. Kila mwaka, toka Aprili mpaka Septemba, upepo unatoka baharini na mara nyingine unakuja na mvua ya kuvunja miti. Bango la mita 12 kwa 10, ambalo mnalijua wote, lina uso wa mita 120 za mraba. Ni tanga hilo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde ukilipiga usoni unalisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 6. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mzigo wote huo unashuka kwenye nguzo, unaishia kwenye boliti za chini, na boliti zetu zinalala kwenye hewa ya chumvi. Nimewahi kufungua nati ya bango lenye miaka minne, huku chini ya Nyali. Juu ilipakwa rangi ya fedha, inang'aa. Nilipoizungusha ikabaki mkononi kama kipande cha biskuti, na boliti ndani ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Chini ya bango hilo palikuwa na mama anayeuza viazi karai.

Kwa hiyo hesabu ya mhandisi aliyesajiliwa isiwe karatasi unayoiazima kwa rafiki, ukabadilisha jina la mtaa. Afisa mwenye uzoefu anaitambua. Akiona hesabu ya udongo wa Nairobi kwenye bango la Mombasa, ombi lako lote linaingia shaka, hata sehemu zilizo kweli. Mpeleke mhandisi kwenye kiwanja, achimbe shimo, aone kama ni mchanga au ni jiwe la matumbawe. Aandike chuma kipakwe zinki namna gani, na boliti zikaguliwe kila baada ya muda gani. Mimi huongeza ukurasa mmoja wa ratiba ya ukaguzi, na bima ya kuwalinda wapita njia, hata pale ambapo sikuombwa. Ofisi hukumbuka nani aliongeza kitu bila kuombwa.

Sasa nije kwa jirani, maana hapa ndipo maombi mengi hufa.

Niliwahi kuomba kibali cha skrini, bango la kidijitali, karibu na jengo la ghorofa. Makaratasi yalikuwa safi. Kulikuwa na pingamizi moja tu, la mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu mzima, mjane. Wenzangu wakaniambia nimpuuze, mtu mmoja hawezi kuzuia mradi. Nikapanda kwenda kumwona. Akanikaribisha, akanipa chai ya tangawizi, akasema, "Mwanangu, siwezi kukueleza. Rudi saa tatu usiku, uje ukae juu ya kitanda cha mjukuu wangu." Nikarudi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na skrini nyingine, ya watu wengine. Nikakaa kitandani, mtoto kalala ndani ya chandarua. Chandarua kikawa chekundu. Kikawa cheupe, ukaona mpaka kope za mtoto. Kikawa buluu. Kikarudi chekundu. Mtoto akajigeuza akafunika macho kwa mkono, bila kuamka, kama mtu aliyekwisha zoea.

Sikuwa na hoja. Nilishuka ngazi nikabadilisha ombi langu lote. Skrini ikageuzwa pembe ili mwanga usiingie upande ule. Nikaandika kwamba mwangaza utapungua wenyewe jua likitua, na skrini itazimwa saa nne usiku. Nikaandika kila picha itulie sekunde 8 bila kuchezacheza. Hilo la sekunde sikulibuni: mamlaka ya barabara kuu ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2007, ilitaja kati ya sekunde 4 na 10, na ikapendekeza 8, ili dereva asivutwe macho na picha zinazorukaruka. Mteja wangu alinung'unika kuhusu saa za usiku. Nikamwambia baada ya saa nne anayepita pale ni mlevi na mlinzi. Yule mama akatia sahihi barua ya kutokuwa na pingamizi, na barua ile ilikuwa na uzito kuliko karatasi zote nilizoambatisha. Mpaka leo nikipita mtaa ule Ramadhani huenda kumsalimia.

Sheria yenyewe inakutaka uujulishe umma unapoomba idhini ya ujenzi, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Wengi wetu tunaitimiza kwa kubandika karatasi kwenye nguzo ya umeme, maandishi madogo, na mvua inaichukua usiku uleule. Huko si kujulisha. Mimi nina njia yangu, nimeitumia mara nyingi, nawapa bure. Ninachukua boriti mbili ndefu za mikoko, ninafunga kitambaa cheupe chenye ukubwa uleule wa bango, na vijana wangu wanakiinua mahali palepale na kimo kilekile. Kinakaa juu asubuhi kwa muda wa saa mbili hivi. Ninamwalika afisa mipango, mzee wa mtaa, imamu au mchungaji kama pana ibada karibu, na majirani. Kisha ninapiga picha kutoka sehemu tatu: ndani ya tuktuk kwenye kiti cha abiria, kituo cha matatu, na dirisha la juu la jirani wa karibu.

Siku moja kitambaa kiliinuliwa, na mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akanyoosha fimbo akasema, "Mbona mmeufunika mnara?" Tukageuka. Ukija kutoka upande wa mjini, kitambaa kilikuwa kimeuziba mnara wa msikiti wote, juu mpaka chini. Kwenye mchoro hatukuona, kwa sababu mchoro unaonyesha barabara kutoka juu, na binadamu hatembei juu. Tulisogeza mita 12, mnara ukaonekana, kibali kikatoka. Fikirini kama tungeligundua hilo bango likiwa limekwisha simama. Gharama ya boriti na kitambaa ni ndogo kuliko mlo wa mchana wa watu waliokuwepo.

Na jambo la miti. Nitalisema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Kuna wenzetu wanasimamisha bango, halafu usiku mwarobaini wa mbele unakatwa ili tangazo lionekane. Mti wa miaka 30, kivuli cha watu wa bodaboda, unaanguka kwa ajili ya mkataba wa miezi 6. Hakuna kitu kilichotuharibia jina mbele ya wakaazi kama hicho. Ikiwa mti unaziba, basi hapo si mahali pako. Mimi kwenye kila ombi naandika idadi ya miti iliyopo na picha zake, na naahidi kwa maandishi itabaki.

Kuna sehemu ambazo nawashauri msiombe kabisa. Mji wa Kale ni mojawapo. Kibokoni na Ndia Kuu si mahali pa nguzo. Fort Jesus iko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2011, Lamu tangu 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000. Miji hii ina vichochoro vya kupita punda na mkokoteni, milango ya nakshi, roshani za mbao. Mtu anayetaka kuweka pale turubai la mita 6 hajui anauza nini, kwa sababu mgeni anayekuja na pesa zake amekuja kuitazama ile roshani. Lakini sikilizeni: mji uliokataa bango haujakataa kibao. Duka lina haki ya kusema ni duka la nini. Kibao cha mbao juu ya mlango, herufi zimechorwa kwa mkono, taa ndogo ya manjano juu yake, hicho kinapita, na mafundi wa kukichora bado wapo. Mimi mwenyewe mikono yangu inakumbuka.

Tofauti hiyo, kati ya kibao kinachotaja biashara iliyopo hapo na bango linalotangaza biashara iliyo kwingine, ni mojawapo ya tofauti kubwa katika kazi yetu duniani. Mji wa San Francisco, wapiga kura wake waliamua mwaka 2002 kupiga marufuku mabango mapya ya matangazo ya jumla, lakini vibao vya maduka vikabaki. Mji wa Austin, Texas, ulishtakiwa na makampuni ya mabango kwa kutenganisha hivyo, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2022 mahakama ikaupa mji haki. Kwa hiyo mteja akija kwako na pesa, kabla hujamkimbilia na nguzo, muulize kama biashara yake iko mtaa huohuo. Huenda anachohitaji ni kibao kizuri, na kibali chake ni rahisi mara kumi.

Mmenitajia pia rangi. Mnakumbuka mwaka 2018 kaunti yetu iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Palikuwa na kelele nyingi wakati ule, wenye majengo wakilia gharama. Mimi niliona kitu kimoja: mji ukishachagua sura, umekwambia unachokipenda. Fremu nyeupe, nguzo yenye buluu ileile, nyuma ya bango pamefunikwa vizuri badala ya kuacha mifupa ya chuma ikitazama madirisha ya watu. Haya hayapo kwenye fomu. Yapo kwenye macho ya mtu atakayeweka sahihi, ambaye naye anaishi humu na jioni anatembea Mama Ngina na watoto wake.

Kwa wale wanaosema mji ukibana sana biashara inakufa, nawaombeni mtazame São Paulo, Brazil. Mji wa mamilioni ya watu, mabango kila ukuta. Meya Gilberto Kassab akaleta sheria ya mji safi, ikaanza kutumika Januari 2007, na mabango yakashushwa yote, yapata 15,000. Kuta zilipoachwa wazi watu waliona nyumba nzuri za zamani walizozisahau, na wakaona pia mitaa ya mabanda iliyokuwa imefichwa nyuma ya picha za magari. Wakaazi wakaipenda hali hiyo. Lakini miaka michache baadaye mji huohuo ukaufungua tena mlango kidogo: tangazo likaruhusiwa kwenye vibanda vya kusubiria basi na kwenye saa za barabarani, na makampuni yaliyopewa nafasi yakalazimika kuvijenga na kuvitunza. Hata mji mkali kuliko yote ulikubali tangazo pale lilipokuja limebeba kitu mkononi. Nasi hatwendi kwa watu mikono mitupu. Mombasa hii vituo vingapi vya matatu mama mjamzito anasimama juani? Njoo na kivuli, na benchi, na taa ya usiku, uombe ubavu mmoja wa tangazo. Nimeandaa maombi mawili ya namna hiyo, na yote mawili mazungumzo yalianza kwa afisa kusogeza kiti chake karibu.

Njia nyingine ni kubadilishana. Miji kadhaa ya Marekani yenye masharti makali hukubali bango jipya ikiwa kampuni itang'oa kadhaa ya zamani. Hapa petu kila mmoja wetu ana nguzo mahali fulani iliyokufa, haina mteja, imeota kutu, ina kipande cha turubai kinachopigapiga usiku. Iandike kwenye barua: nikipewa hii moja, nitaziondoa hizi tatu, tarehe hii, na msingi nitaufukia. Halafu zing'oe kweli, upige picha, upeleke ofisini bila kuitwa.

Kuhusu tangazo lenyewe nitapita upesi. Sigara haina nafasi tangu Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007. Karibu na shule na nyumba za ibada tumieni haya mliyolelewa nayo. Ada za mwaka zinatajwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, isomeni wenyewe, msitajiwe na dalali.

Ukinyimwa je? Usiondoke dirishani na neno la mdomo. Katiba, kifungu cha 47, inakupa haki ya kuandikiwa sababu. Omba kwa adabu, lakini omba. Ukiwa na sababu mkononi unaweza kurekebisha, na mara nyingi unakuta waliloandika ni jambo la mita mbili au taa. Ukiona umeonewa, una siku 14 za kupeleka rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango ya ardhi, na baada yake ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ile sheria ya 2019 inasema pia kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini inachukuliwa kuwa imetolewa. Kuna watu wanaishika hiyo kama upanga. Mimi nimeitumia kama kumbukumbu tu: siku ya 45 ninaandika barua ya kuulizia, siku ya 55 ninakwenda mwenyewe. Kuchimba msingi kwa sababu ofisi ilinyamaza ni kuingia nyumbani kwa mtu kwa sababu hakukusikia. Kesho wakiamka, mzozo ni wako, na kortini mteja wako hatakungoja.

Na lile ambalo mlikuwa mnangoja nilitaje, nalitaja. Chai. Sheria ya Hongo ya 2016 inamkamata anayetoa na anayepokea. Lakini hata ukiiweka kando sheria, mimi nimeona kwa macho yangu kibali cha chai kinavyoishi. Aliyekipokea akihamishwa, anayekuja hakijui. Gavana akibadilika, msako wa mabango unaanza na yale yasiyo na faili. Mteja mkubwa anayetaka mkataba wa miaka mitatu anamleta wakili wake, na wakili haulizi unamjua nani, anauliza karatasi iko wapi. Benki nayo vilevile. Nguzo yangu ya kwanza ilikatwa na gesi kwa dakika chache. Nguzo yenye faili nimeiona ikinusurika misako mitatu, kila mara kijana wangu anakwenda na nakala, wanaiangalia, wanasonga mbele.

Faili moja nimekuja nalo leo. Liko hapa mezani, lile lenye mgongo wa kijani. Jina la mwenye kiwanja na namba ya hati nimeziziba kwa karatasi, yaliyobaki yote yako wazi: barua za majirani, picha za kile kitambaa kabla na baada ya kusogezwa, hesabu ya upepo, ratiba ya boliti, hati za wale wa barabara, na barua mbili za kukataliwa zilizotangulia kibali. Anayetaka kuona lilivyopangwa na asogee mbele. Mafundi waanze, wamesimama muda mrefu.